Dole Gumba la Kushoto

Mwaka 2012 serikali ilinipeleka Kasulu kufundisha kompyuta katika chuo cha ualimu, na mume wangu, ambaye ni tabibu, ikampeleka hospitali ya Kibondo. Ndoa yetu ilikuwa bado changa. Tuliposikia kwamba ni mkoa mmoja tulishukuru. Tulipoiona barabara tukanyamaza. Masika ilikuwa tope jekundu, kiangazi vumbi jekundu, na mimi ndiye niliyekuwa nikisafiri, maana wagonjwa hawana mwisho wa wiki.

Nilikulia Tukuyu, katika nyumba ya mwalimu wa kwaya. Baba alitufundisha kusoma noti kabla hatujaweza kuandika majina yetu vizuri. Nilipokwenda chuo kikuu kusomea kompyuta nilidhani muziki nimeuacha nyumbani, lakini huko Kasulu, jioni za baridi, peke yangu katika chumba cha mwalimu, ulinirudia. Nilikuwa na kinanda kidogo na kompyuta mpakato, nikaanza kuandika programu ya kuniitikia.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusikiliza. Ukiipigia, inakumbuka kila sauti ilifuatwa na ipi, baada ya muda gani, kwa nguvu kiasi gani. Ikishasikia vya kutosha inaanza kukisia: mtu huyu akitoka hapa, hupenda kwenda wapi? Kisha inakwenda yenyewe. Siku hizi watu wanazungumza juu ya akili mnemba hata kwenye foleni ya benki. Wakati ule sikuwa na neno la kumwambia jirani. Nilisema tu kwamba ninaifundisha kompyuta kuitikia wimbo.

Nayo iliitikia, ila kama mwanafunzi aliyekariri. Nilipiga nyimbo za kwaya, ikanirudishia nyimbo za kwaya zilizokatwakatwa. Nilikuwa nimeanza kuchoka nayo nilipokutana na fundi.

Alikuwa fundi baiskeli, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la Kibondo, kwenye njia ya kwenda nyumbani kwetu. Umri wake ulikuwa kama miaka hamsini. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni, na sasa yeye na mkewe walikuwa raia, wana shamba la mihogo na maharage upande wa Kakonko. Asubuhi moja nilimpelekea baiskeli ya mume wangu iliyokatika waya wa breki. Nikamkuta amebandika kiraka kwenye mpira wa mtu na anasubiri gundi ikauke, na katika kusubiri anapiga ikembe.

Nilikuwa nimeiona ikembe kwingine, wakiiita malimba: ubao juu ya kisanduku, na ndimi za chuma zinazopigwa kwa madole gumba ya mikono yote miwili. Yake aliitengeneza mwenyewe kwa spoku za baiskeli alizozigonga zikawa bapa. Dole la kulia lilikuwa likicheza juu, jepesi, linakwenda na kugeuka. La kushoto lilikaa chini, likirudia sauti nzito chache, lakini kila liliporudia lilikuwa limesogea kidogo, na kusogea huko kulibadilisha yote yaliyokuwa juu. Nilisimama na baiskeli yangu kama niliyesahau nilichofuata.

"Mwakeye, mwalimu," alinisalimu, kwa salamu yao ya asubuhi, bila kuacha kupiga.

"Salama, fundi. Endelea tu."

"Nikiendelea nani atatengeneza breki?"

Juma lililofuata nilirudi na kompyuta. Nilimweleza, naye alisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. Hakushtuka wala hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Kitanisikia mimi, au kitasikia redio ya jirani?" Nilimwonyesha kipaza sauti, nikakiweka karibu na ikembe, akapiga mpaka wateja wawili wakaja na kuondoka. Kisha nikaiachia kompyuta ijibu.

Ilijibu kwa sauti ya kinanda, na ilikuwa vibaya sana. Sauti za ikembe yake hazikuwa zile za kinanda. Moja ilikaa katikati ya mbili ninazozijua, nyingine ilikuwa na mtetemo wa kikopo kidogo alichokifunga makusudi. Fundi aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni rasmi.

"Maneno ni yangu," alisema mwishoni. "Lakini anayeyasema anasemea puani."

Tulicheka wote. Kuanzia siku hiyo kompyuta aliiita mgeni. "Mgeni wetu kaja?" angeuliza nikishuka kutoka Kasulu. "Mgeni kalala vizuri?"

Tuliamua mgeni asemeshwe kwa sauti ya fundi mwenyewe. Tulikwenda nyumbani kwake, nyumba ya matofali ya kuchoma na paa la bati, tukafunga dirisha, na mkewe akawafukuza kuku mpaka mbali. Fundi akaupiga kila ulimi wa chuma peke yake: polepole, kwa nguvu, kwa upole, kwa ukucha, kwa nyama ya kidole. Kulia kisha kushoto. Mimi nikawa narekodi. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na mkewe, mwanamke mnene mwenye utani, alichungulia mlangoni akasema, "Mume wangu siku hizi anahesabu meno ya ikembe. Mihogo itajipalilia."

Nilipomaliza kuzipanga zile sauti ndani ya programu, mgeni alipojibu safari hii, fundi aliruka kwenye kiti. Aliitazama mikono yake. Kisha akaitazama spika.

"Hicho ni kidole changu," alisema.

"Ndiyo. Ni kidole chako, ila njia mgeni anaichagua mwenyewe."

"Imana," alisema taratibu. Ndilo jina la Mungu kwao.

Mwaka 2013 karibu wote tuliutumia hivyo, mwisho wa wiki kwa mwisho wa wiki. Tulitaka kutunga kipande cha watu watatu: ikembe yake, kinanda changu kidogo kikishika chini, na mgeni. Tuligombana sana, ugomvi mzuri. Mimi nililalamika kwamba mgeni anasema mno, hana pumzi. Fundi alipenda vile vile. "Mwache," alisema. "Ni kama wageni wa harusi, wakinyamaza utadhani hawakushiba." Lakini nilishikilia. Nilirudi Kasulu nikaifundisha programu kwamba kimya nacho ni sauti, nacho kina mahali kinapotoka na mahali kinapokwenda, ikariri kimya cha fundi kama ilivyokariri mapigo yake.

Niliporudi tulipiga, na tulipofika katikati mgeni hakuitika. Tulisubiri. Mimi nilidhani waya umechomoka. Fundi alinyoosha mkono kunizuia nisiguse kitu, na hapo hapo, kwa upole, mgeni akaingia kwa sauti moja nzito ya kushoto. Nyingine ikafuata. Sikuweza kuelewa kwa nini sauti ile moja ilinifanya nisisimke mwili mzima, mimi niliyeiandika programu mstari kwa mstari na kujua kwamba ndani yake hakuna moyo, mna makisio tu. Nilimtazama fundi. Naye nywele za mikono zilimsimama.

"Haya, umeshinda," alinong'ona. "Mgeni anajua kungoja."

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata mume wangu alinipigia simu nikiwa darasani. Hakuwa na kawaida ya kupiga saa za kazi, kwa hiyo nilitoka nje.

"Rafiki yako wa ikembe wamemleta hapa asubuhi hii," alisema. "Alianguka kibandani. Ni kiharusi."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Anaongea. Mkono wa kushoto haumsikii."

Nilipofika wodini fundi alikuwa ameketi akiegemea mto, mkewe akimnywesha uji. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka kidogo. Mkono wa kushoto ulilazwa juu ya shuka kama kitu ambacho mtu amekiweka hapo kwa muda. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za safari. Hakumtaja mgeni. Mimi pia sikumtaja.

Aliruhusiwa, akarudi nyumbani, akafanya mazoezi ya viungo kama mume wangu alivyomwelekeza. Mguu ulirudi. Mkono ukagoma. Kibanda akamkodisha fundi mwingine. Nilipomtembelea tulizungumza juu ya mvua, juu ya bei ya maharage, juu ya afya ya baba yangu, na ikembe ilikuwa haionekani popote. Mkewe alinieleza baadaye kwamba mumewe alimwagiza aiondoe, asiione tena. Naye aliifunga kwenye kitenge, akaiweka chini ya kitanda.

Mkewe ndiye aliyenijia. Alikuja nyumbani kwetu Kibondo Jumamosi moja akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Akautua, akakaa, akanywa maji, akauliza habari za nyumbani zote kwa utaratibu. Kisha akasema, "Mwalimu, mkono wa mume wangu uko kwako."

Sikumwelewa.

"Siku ile mliyofunga dirisha. Mimi nilikuwa nje nafukuza kuku, lakini nilisikia. Alipiga chuma kimoja kimoja, wewe ukaviweka. Si bado unavyo?"

"Ninavyo, mama."

"Ule mkono wa kushoto ulioko nyumbani ni wa kwake yule aliyeugua. Ule wa zamani uko kwenye mashine yako. Mletee."

Alipoondoka nilimweleza mume wangu kwamba naogopa. Kumsikilizisha mtu kidole chake kilichokufa niliona kama ukatili. Mume wangu alikuwa anavua viatu, amechoka. "Mpelekee," alisema. "Asipotaka atasema. Ulimi wake mzima."

Nilikwenda Jumapili ya juma lililofuata, baada ya ibada. Mkewe alikuwa ameshaitoa ikembe chini ya kitanda na kuiweka juu ya meza, bado imefungwa kwenye kitenge. Fundi alikitazama kile kitenge, akamtazama mkewe, akanitazama mimi.

"Mmepanga," alisema.

"Ego," mkewe alimjibu, yaani ndiyo, bila aibu yoyote.

Fundi aligeuza uso dirishani. Nilianza kukunja waya wa kipaza sauti ili niondoke. Akasema, "Subiri kwanza, mwalimu. Umetoka mbali."

Tuliifunga ikembe mapajani mwake kwa kile kile kitenge ili isiteleze. Nilikuwa nimekesha na programu siku kadhaa nikiibadilisha: sasa ilipaswa kusikiliza dole la kulia peke yake, na kutoka humo kukisia la kushoto lingefanya nini. Akaanza. Dole lake la kulia lilikuwa limelegea kwa miezi ya kukaa bure, likakosea. Mgeni akachelewa. Akaanza tena. Mgeni akaingia mahali pasipo pake, wakagongana, fundi akaguna. Akaanza mara nyingine tena, polepole zaidi, na safari hii sauti nzito ikaja chini ya ile nyepesi palepale ilipostahili, sauti yake mwenyewe ya siku ile, kwa nyama ya kidole chake mwenyewe.

Mkewe alikaa sakafuni.

Waliendelea hivyo, fundi na mgeni, na mimi nilikuwa naangalia namba zinavyopita kwenye kioo ili nisilie. Kisha dole la kulia likafika kwenye kona ambayo tulikuwa tumeipitia mara nyingi mwaka uliotangulia. Kila mara pale kushoto kulishuka. Mgeni hakushuka. Alipanda, akakaa juu kidogo, akangoja, na wimbo wote ukafunguka kama mtu aliyesukuma dirisha.

Fundi aliacha kupiga.

"Nani kamfundisha hiyo?"

"Hakuna aliyemfundisha."

"Wewe?"

"Mimi siijui. Ameitafuta mwenyewe katika yale uliyompigia."

Machozi yalikuwa yanamtoka upande mmoja tu, upande wenye nguvu, naye hakuyafuta kwa sababu mkono uliokuwa mzima ulikuwa bado uko kwenye ikembe.

"Huyu si mimi," alisema mwishoni. "Nilidhani nitamsikia mimi. Huyu ni mtu aliyekaa karibu na mimi sana, akanitazama muda mrefu." Akavuta pumzi. "Haya. Rudia pale."

Kwa hiyo tulikitupa kipande cha zamani na kutunga kipya. Kinanda changu nilikiondoa, hakikuwa na kazi tena. Fundi alitunga kulia kwa makusudi ya kumwekea mgeni nafasi, na mgeni alipofanya jambo asilolitegemea, fundi alibadilisha kulia ili kumpokea. Nilijifunza kuandika yale yanayoandikika na kuyaacha mengine yawe. Hakuna mara mbili zilizofanana. Mara nyingine nilikuwa nikisahau kabisa kwamba mimi ndiye mwenye programu. Nilikaa pale kama msikilizaji aliyepewa kiti cha mbele bure.

Kanisa lao liliomba tupige siku ya sikukuu ya mavuno. Tulikwenda mchana, umeme ulikuwepo lakini sikuuamini, nikategemea betri. Madhabahuni kulikuwa na mihogo, mahindi, mananasi, na jogoo aliyefungwa miguu. Fundi alikaa kwenye kiti na ikembe yake mapajani, mkono wa kushoto umelala juu ya goti kila mtu auone, na mimi nikakaa pembeni na kompyuta. Walipoanza, niliona vichwa vikigeuka. Watu walitafuta mkono wa pili uko wapi. Bibi mmoja wa kwaya alisogea kabisa, akainama kuchungulia nyuma ya kiti.

Ndipo mvua ikaanza. Ilianza na matone machache juu ya bati, makubwa, yaliyoachana. Kipaza sauti changu kiliyasikia. Nilijua hapo hapo kinachotokea: programu inadhani matone ni mapigo, inajaribu kuyajibu. Nilipeleka mkono nipunguze sauti. Lakini mgeni alikuwa ameshaanza, na alichofanya sikuwa nimewahi kukisikia. Alipanga zile sauti nzito za kushoto katikati ya matone, moja hapa, mbili pale, akayaongoza, mpaka ikawa kama paa lenyewe linapigwa na mtu mwenye akili timamu. Fundi aliinua macho darini. Uso wake, ule ulioshuka upande mmoja, ukafunguka kwa kicheko, akaacha tuliyokubaliana akawafuata wote wawili, mgeni na mvua.

Hakuna aliyekohoa. Mvua ilipozidi na kuwa ngurumo moja, mgeni akapotea ndani yake, na fundi akapiga kidogo peke yake, tukimwona dole linavyokwenda bila kulisikia. Kisha mwanamke mmoja nyuma akapiga vigelegele, na kanisa zima likasimama.

Ninaweza kueleza kila kilichotokea siku ile. Nimewaeleza wanafunzi mara nyingi, kwa chaki, ubaoni: kipaza sauti, kiwango cha kelele, makisio. Kila nikimaliza kueleza bado nasisimka.

Mwaka 2015, mwezi uleule ambao watu kutoka Burundi walianza tena kupita barabara ya Kasulu wakiwa na magodoro na sufuria vichwani, mume wangu na mimi tulipata uhamisho wa kwenda Dodoma. Nilikwenda kuwaaga. Nilikuwa nimeamua kumwachia fundi ile kompyuta na kila kitu chake, na nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza aipokee.

"Oya," alikataa. "Nenda nayo. Itakufa hapa kwa vumbi, na nani ataitibu? Wewe ukiwa Dodoma?"

"Na wewe utapiga na nani?"

Alimwita mkewe. Alikuwa uani anachambua maharage. Alikuja akijifuta mikono kwa kanga, akaketi kwenye benchi upande wa kushoto wa mumewe, bega kwa bega, akaweka dole gumba lake juu ya zile ndimi nzito za spoku. Sikujua kwamba anapiga. Zamani hakuwahi kupiga. Miezi yote ile alikuwa akikaa sakafuni anasikiliza.

"Usinicheke, mwalimu," alisema. "Kidole changu cha jembe."

Walianza. Mkewe alipiga kwa uzito, kwa dole la mtu aliyelima maisha yake yote, na walipofika kwenye ile kona hakushuka. Alipanda, akangoja. Yale mgeni aliyoyatafuta katika mkono wa mumewe yeye alikuwa ameyachukua, na sasa alianza kuyapindisha kwa namna yake: alichelewa kidogo, kwa utani, na mumewe akamgeukia kama mtu aliyefinywa.

"Unaona anavyonifanyia?" aliniambia.

"Naona."

"Mgeni hakuwa na ujeuri huu."

Walicheka, lakini vidole havikusimama. Sikuwasha kipaza sauti wala sikurekodi. Mume wangu aliniita kwa simu kwamba gari limefika, nikamwambia lisubiri kidogo. Walikuwa wameingia kwenye wimbo nisioujua, na mama alikuwa amefumba macho.

"Kaa, mwalimu," alisema bila kuyafumbua. "Huu ni mrefu."